Kufundisha Kiingereza ng'ambo: Pasipoti ya pili hufungua mlango upi?

TUCHUKUE mfano wa vijana wawili waliohitimu chuo kikuu mwaka mmoja, mmoja akiwa mkazi wa Ruiru na mwenzake wa Thika. Wote wana shahada ya ualimu, wote walifunzwa kwa Kiingereza tangu utotoni, na ukiwasikiliza ndani ya matatu hutajua ni nani anayemshinda mwenzake kwa ufasaha. Tofauti yao ni moja. Yule wa Ruiru alizaliwa Marekani mama yake alipokuwa masomoni huko, akarejeshwa nyumbani akiwa mchanga. Wakiomba kazi ya kufundisha Kiingereza katika shule moja ya Korea Kusini, wa Ruiru huenda akaitwa kwa mahojiano. Barua ya wa Thika itawekwa kando kabla ya kusomwa.

Korea Kusini hutoa visa ya walimu wa lugha, iitwayo E-2, kwa Kiingereza kikiwa cha raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kenya, ambako Kiingereza ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, haimo. China nayo, kwa kanuni za vibali vya kazi zilizoenea nchini humo mwaka wa 2017, hutaka mwalimu wa lugha atoke katika nchi ambako lugha hiyo huhesabiwa kuwa lugha mama. Kinachopimwa hapo si ulimi wa mwombaji bali jalada la pasipoti yake. Mwandishi wa makala haya amesahihisha Kiingereza cha watu wa mataifa mengi kwa miaka mingi, na haoni mantiki yoyote katika kipimo hicho. Hata hivyo ndicho kilichopo, na asiyekijua hupoteza pesa na wakati.

Swali la kwanza kwa mwenye pasipoti mbili ni iwapo kweli yeye ni raia wa nchi mbili. Katiba ya zamani haikuruhusu jambo hilo kwa mtu mzima. Mkenya aliyeapa kuwa raia wa Uingereza mwaka wa 2005, kwa mfano, alipoteza uraia wa Kenya siku hiyo hiyo, hata kama kitambulisho chake kilibaki mfukoni. Katiba iliyoidhinishwa rasmi Agosti 27, 2010 ilibadilisha mambo: Kifungu cha 16 chasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kuchukua wa nchi nyingine, na Kifungu cha 14 kinampa aliyeupoteza zamani haki ya kuurejesha kwa kutuma maombi. Neno muhimu hapo ni maombi. Uraia haujirejeshi wenyewe, na wapo wanaojidhania Wakenya ilhali kisheria wangali wageni katika mashamba ya baba zao.

Kijana wetu wa Ruiru ana bahati. Sheria ya awali ilimpa mtoto aliyezaliwa nje uraia kupitia kwa baba pekee. Ya sasa yamtambua kupitia kwa mzazi yeyote, hata kama alizaliwa kabla ya 2010.

Kuna sharti ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya 2011 inamtaka raia wa nchi mbili aiarifu serikali kuhusu uraia wake wa pili katika muda wa miezi mitatu tangu aupate. Anayeficha anaweza kutozwa faini ya hadi Sh5 milioni, kufungwa hadi miaka mitatu, au adhabu zote mbili. Walimu wanaoajiriwa na tume ya TSC wasiogope kwamba uraia huo utawafuta kazi, kwa kuwa marufuku ya Kifungu cha 78 inawahusu maafisa wa Serikali wanaotajwa na Katiba pamoja na wanajeshi, si mwalimu wa darasani.

Ugumu halisi huanza kwenye makaratasi. Anayeomba E-2 kwa pasipoti ya Marekani huchukuliwa kuwa Mmarekani kwa kila hali. Atatakiwa kuleta cheti cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu kutoka shirika la FBI, kilichothibitishwa na serikali ya Marekani, ingawa maisha yake yote yamepita kando ya barabara ya Thika. Itambidi achukuliwe alama za vidole hapa na kuzituma huko, shughuli inayoweza kula wiki kadhaa. 

Kisha kuna majina. Cheti cha kuzaliwa cha Marekani huenda kina majina mawili, shahada ya Kenya ina matatu, na herufi moja imepotea njiani. Afisa wa visa aliye Seoul hajui desturi zetu za kumpa mtoto jina la babu. Yeye huona watu wawili tofauti. Tofauti hizo zisawazishwe kabla ya kutuma ombi lolote.

Pasipoti hiyo pia huja na wajibu. Marekani huwataka raia wake kuwasilisha taarifa ya mapato popote wanapoishi, hata pale ambapo hawatadaiwa ushuru. Kwa upande mwingine, mwalimu Mmarekani anayeondoka Korea hurejeshewa michango yake ya pensheni, jambo ambalo mwenzake wa New Zealand halipati.

Na yule wa Thika? Milango yake ni michache, lakini ipo. Thailand huwakubali walimu wasiotoka katika nchi za Kiingereza iwapo wana shahada na wamepita mtihani wa lugha. Katika ule wa TOEIC alama zinazotakiwa ni 600. Japan huangalia kama mwombaji alisomeshwa kwa Kiingereza miaka 12, hesabu ambayo aliyepitia mfumo wa 8-4-4 anaweza kuitetea, mradi awe na barua za shule zake zote. Karibu zaidi iko Rwanda, iliyogeukia Kiingereza shuleni mwaka wa 2008, na ambako itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, hurahisisha ajira ya walimu Wakenya.

Tatizo ni kwamba anayefungiwa milango rasmi ndiye anayewindwa na mawakala. Tangu 2022 serikali imelazimika kuwaokoa Wakenya waliopelekwa Thailand kwa ahadi ya kazi nzuri, kisha wakavushwa mpaka hadi Myanmar na kulazimishwa kufanya utapeli wa mitandaoni. Kabla ya kulipa hata shilingi, mwombaji atazame ikiwa wakala huyo yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, kisha aiandikie shule yenyewe moja kwa moja kuuliza kama inamfahamu. Visa ya utalii si kibali cha kufundisha, hata wakala akisema itabadilishwa baada ya kufika.