Safari ya nyumbani kwa begi moja la mkononi

Simu inayolia usiku wa manane kutoka nyumbani haimpi mtu muda wa kupanga masanduku. Mzazi amelazwa, au amefariki na mazishi hayawezi kusubiri. Mswahili anayeishi Muscat, London au Minneapolis hulazimika kupanda ndege ya kwanza atakayoipata, na mara nyingi huondoka na begi moja tu la mkononi.

Begi hilo lina faida zake. Mwenye nalo hasimami mbele ya mkanda unaozunguka, akisubiri sanduku ambalo pengine limebaki njiani Dubai au Addis Ababa. Akitua Dar es Salaam na kugongewa muhuri, anatoka moja kwa moja kutafuta basi la Morogoro. Hata hivyo, begi dogo lina masharti mengi, na asiyeyajua huyagundua akiwa tayari kwenye foleni ya ukaguzi.

Kilo 7 au kilo 23

Hakuna kipimo kimoja cha mzigo wa mkononi duniani. Kila shirika la ndege hujiwekea chake. Emirates, Qatar Airways na Ethiopian Airlines huruhusu kilo 7 kwa abiria wa daraja la kawaida. British Airways huruhusu begi la hadi kilo 23, mradi lisizidi sentimita 56 kwa 45 kwa 25, na mwenyewe aweze kulinyanyua. Anayeanza safari na shirika moja na kuimaliza na jingine hana budi kufuata kipimo kilicho kidogo zaidi.

Kilo 7 si nyingi. Sanduku dogo la magurudumu laweza kuchukua kilo 2 au 3 likiwa tupu, ndiyo maana begi jepesi la mgongoni hufaa zaidi. Viatu vizito na koti la baridi huvaliwa, havipakiwi. Kwa safari ya wiki moja, nguo tatu za kubadilisha zatosha, zikiwa za kitambaa chepesi kinachofuliwa usiku na kuvaliwa kesho yake. Kanga haina mpinzani hapa: doti moja ni shuka ndani ya ndege, taulo bafuni, mtandio barabarani na vazi la kuketia msibani.

Asali nayo ni majimaji

Tarehe 10 Agosti 2006, polisi wa Uingereza walitangaza kuwa wamezima njama ya kulipua ndege za kwenda Amerika Kaskazini kwa milipuko ya majimaji iliyokusudiwa kufichwa katika chupa za vinywaji. Kwa siku chache zilizofuata, abiria walioondoka Uingereza hawakuruhusiwa kuingia na mizigo ya mkononi, isipokuwa hati za safari na vitu vichache vya lazima. Mwezi Novemba mwaka huo, Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni ambayo imeenea sehemu nyingi za dunia: kila chombo cha majimaji kisizidi mililita 100, na vyote vikae ndani ya mfuko mmoja wa lita 1 unaoonyesha.

Wengi hawakwami kwa maji ya kunywa, bali kwa vyakula. Asali, samli, achari, mafuta ya nazi na siagi ya karanga huhesabiwa pamoja na majimaji. Kinachopimwa ni chombo, si kilichomo. Chupa ya mililita 200 iliyobakiwa na mafuta robo huachwa pale pale.

Vipo viwanja, kama vile Edinburgh na Birmingham, ambavyo mwaka 2025 vilianza kuruhusu chupa za hadi lita 2 baada ya kufunga mashine mpya za ukaguzi. Lakini abiria anayebadilisha ndege aweza kukaguliwa upya njiani, na pale hutumika kanuni ya kiwanja kile, si ya alikotoka.

Mfuko nao una sheria zake. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Tanzania ilieleza wakati huo kwamba mifuko midogo ya kuwekea vipodozi kwa ajili ya ukaguzi wa ndege inaruhusiwa, mradi msafiri asiitupe nchini.

Betri na dawa

Betri ya akiba ya kuchajia simu hairuhusiwi katika mizigo inayokwenda chini ya ndege, kwa sababu ikishika moto huko hakuna wa kuuzima haraka. Hubebwa mkononi, na kwa kawaida isizidi wati-saa 100. Iwapo ndege imejaa na begi likachukuliwa mlangoni kupelekwa chini, abiria atoe kwanza betri, pasipoti na dawa zake.

Dawa zibaki ndani ya pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Baadhi ya dawa za maumivu zinazotolewa kwa kawaida hospitalini, zikiwamo zenye kodeini na tramadoli, zinadhibitiwa vikali katika Umoja wa Falme za Kiarabu na huhitaji kibali.

“Naomba unibebee”

Sharti gumu kuliko yote halikuandikwa kwenye tiketi. Habari ya safari ikienea, huja bahasha ya jirani, kifurushi cha rafiki wa shemeji, na kiboksi cha mtu ambaye msafiri hamjui kabisa. Kukataa huonekana kiburi, hasa kwa mtu anayekwenda kwenye msiba.

Lakini mbele ya afisa wa forodha, kusema “si wangu, nimepewa” mara nyingi hakumwokoi aliyebeba. Mmea ulio halali mahali pamoja waweza kuwa jinai pengine: miraa huuzwa hadharani Kenya, lakini Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014, na Tanzania nayo haikubaliki. Nchini Saudi Arabia, adhabu ya kusafirisha dawa za kulevya yaweza kuwa kifo. Begi dogo humpa msafiri jibu la heshima lililo kweli: nafasi haipo. Anayekubali kubeba, basi akifungue kifurushi mbele ya mwenyewe na kukifunga tena kwa mikono yake.

Zawadi je?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo wanaoona aibu kufika mikono mitupu. Lakini sabuni, sukari na vitenge vinapatikana Kariakoo na Mombasa, na fedha zilizokuwa zilipie mzigo wa ziada zaweza kununua vitu hivyo huko huko, au kutumwa mapema kwa simu kusaidia gharama za hospitali au za mazishi. Watoto hutosheka na kitu kidogo kinachoingia mfukoni.

Kwa mwenye mgonjwa au maiti nyumbani, hesabu ni nyepesi. Pasipoti, dawa, nguo tatu na kanga vinatosha. Ndugu waliopiga simu usiku ule hawakuuliza ataleta nini. Waliuliza atafika saa ngapi.