Kompyuta Nazo Zina Uwanja wa Shabaha

Ndugu askari, mwajua kuwa bunduki haisifiwi kwa maneno ya muuzaji, bali hupelekwa uwanja wa shabaha ikajaribiwa. Kompyuta nayo hupimwa vivyo hivyo, na shabaha yake ni hesabu ndogo.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilihitaji majedwali ya kulengea mizinga. Mtu mwenye mashine ya hesabu ya mezani alitumia yapata saa 20 kukokotoa njia ya kombora moja angani. Kompyuta iitwayo ENIAC, iliyoonyeshwa hadharani mjini Philadelphia mwezi Februari 1946, vita vikiwa vimekwisha, iliweza kuimaliza kazi hiyo kwa sekunde 30. Kazi ilikuwa ile ile. Tofauti ya mwendo ikaonekana bila mabishano.

Kompyuta ndogo zilipoenea, kila muuzaji alijigamba. Mwaka 1981 Jim Gilbreath alieleza katika gazeti la BYTE la Marekani mtihani mmoja uwafaao wote. Mtihani huo ni chujio la Eratosthenes, Mgiriki wa kale aliyeishi Alexandria, Misri. Namba witiri hupangwa safu. Vigawe vya 3 hufutwa, kisha vya 5, kisha vya 7, na kuendelea. Zinazosalia ni namba tasa. Kompyuta huzitafuta kuanzia 3 hadi 16,383, ikarudia mara 10 huku saa ikihesabu. Jibu ni 1,899. Ipatayo jibu jingine ina kasoro, hata ikiwa na mbio namna gani.

Mtihani mwingine wa miaka hiyo, uitwao Savage, huanza na 1, huipitisha namba katika hesabu za vipeo, logi na pembe ambazo zapaswa kuirudisha ilivyokuwa, kisha huongeza 1. Baada ya duru 2,499 jibu lazima liwe 2,500 kamili. Kompyuta zitunzazo tarakimu chache hupotoka, maana kila duru huweka kosa juu ya kosa.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Asifiwapo mwenye kasi, yafaa tuulize: kasi ya kazi gani, na jibu lake ni sahihi? Kosa dogo katika jedwali la mizinga laweza kuliangusha kombora juu ya wenzetu.