Mbolea Iko Shambani, Lakini Je, Imefika Kwenye Mizizi?

Mwaka wa 2023, Serikali ya Kitaifa ilishusha bei ya mbolea ya ruzuku kutoka Sh3,500 hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50. Hata kwa bei hiyo, mfuko mmoja ni gharama kubwa kwa familia ya Karungu inayotegemea shamba dogo na samaki. Mbolea ikimwagwa juu ya udongo mkavu, au mvua kubwa ikiikuta juu ya ardhi, sehemu ya pesa hizo hupotea kabla mahindi hayajaonja.

Mmea haumezi punje ya mbolea. Punje lazima iyeyuke kwanza kwenye unyevu wa udongo, kisha mizizi inywe maji hayo pamoja na virutubisho vilivyomo. Ndiyo maana mahindi au mtama unaweza kuonyesha njaa ya virutubisho katika shamba lililotiwa mbolea: chakula kipo, lakini hakuna maji ya kukifikisha.

Ya kupandia iwe karibu

Mbolea ya DAP, yenye nambari 18-46-0 kwenye mfuko, hutumiwa hasa kwa ajili ya fosforasi, inayojenga mizizi. Fosforasi haisafiri mbali udongoni. Hubaki karibu na pale ilipowekwa. Mche mchanga una mizizi mifupi, hivyo mbolea iliyotawanywa kati ya mistari huwa mbali nayo, na mara nyingi hulisha magugu. Dalili ya upungufu ni majani kugeuka rangi ya zambarau.

Weka mbolea ndani ya shimo, ichanganye na udongo, kisha ongeza udongo kidogo kabla ya kutia mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea inaweza kuungua na kukosa kuota, hasa udongo ukiwa na unyevu mdogo.

Kipimo rahisi ni kifuniko cha chupa ya soda, ambacho hubeba takriban gramu 5. Ukipanda kwa sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 50 kati ya mashimo, mbegu mbili kila shimo, ekari moja huwa na mashimo yapatayo 10,800. Kifuniko kimoja kisichojaa hadi pomoni kwa kila shimo kitafanya mfuko wa kilo 50 utoshe ekari nzima.

Ya kukuzia isisombwe

Naitrojeni iliyo kwenye CAN na urea ina tabia tofauti: husafiri na maji. Mvua kubwa inaweza kuishusha chini ya mizizi au kuisomba hadi mitoni na ziwani, ambako hulisha magugu maji yanayozuia mashua na nyavu. Urea ikiachwa juu ya udongo, sehemu yake hugeuka hewa na kupotea. Mahindi yanayokosa naitrojeni huanza kuwa manjano kwenye majani ya chini, kuanzia nchani.

Subiri mahindi yafike magotini, palilia kwanza, kisha weka mbolea umbali wa sentimita 10 hadi 15 kutoka kwenye shina na uifunike. Usiidondoshe katikati ya majani, kwa kuwa itayaunguza. Katika udongo wa kichanga ulio karibu na ziwa, gawanya kiasi hicho mara mbili, wiki chache zikitenganisha awamu hizo.

Pima unyevu kwa mkono

Chimba hadi kina cha kiganja, chukua udongo na uufinye. Ukishikana bila kutoa maji, unafaa kutiwa mbolea. Ukimwagika kama vumbi, ngoja mvua. Ukidondosha maji, ngoja ukauke kidogo.

Maji yakizidi nayo hudhuru. Udongo mweusi wa mfinyanzi ulio katika sehemu nyingi za Nyatike hushikilia maji, mizizi ikakosa hewa na kushindwa kula. Chimba mifereji ya kuyatoa. Katika miteremko, lima matuta yanayokingama mteremko ili mvua izame badala ya kukimbia na mbolea.

Mkulima mwenye pampu amwagilie kiasi baada ya kuweka CAN, ili punje ziyeyuke bila kushuka chini ya mizizi. Maji yakiwa machache, yaliyobaki yawekwe kwa wakati mahindi yanapotoa maua na ndevu. Ukame wa siku hizo hupunguza punje kwenye gunzi.

Kwa mpunga katika mradi wa unyunyiziaji wa Lower Kuja, urea inafaa kuliko CAN, kwa sababu sehemu kubwa ya naitrojeni ya CAN hupotea haraka ndani ya maji yaliyotuama. Punguza maji hadi libaki tope, weka mbolea, ziba njia za kutokea maji, kisha uyarudishe taratibu baada ya siku mbili hivi.

Kabla ya msimu

Mbolea haiondoi kila tatizo. Udongo wenye asidi nyingi hufunga fosforasi, na kiduha, yaani kayongo, hunyonya mahindi na mtama kutoka mizizini. Mkulima anashauriwa kupimiwa udongo kabla ya kununua mbolea, kuongeza samadi iliyooza vizuri, na kumwona afisa wa kilimo wa wadi yake mapema, mvua ikiwa bado haijaanza.