Rubela: Ugonjwa Mdogo Unaoleta Uziwi

Wewe uliyeotesha miche ya chai hapa Rungwe unajua wakati wa kuiangalia sana. Ni siku zile inapotoa mizizi. Mche ukidhurika wakati huo, mbolea ya baadaye haiuponyi.

Mtoto tumboni naye ana wakati wake. Ni miezi mitatu ya kwanza. Wakati huo masikio, macho na moyo wake vinaumbwa.

Uko ugonjwa uitwao rubela. Huletwa na virusi, vijidudu visivyoonekana kwa macho. Huenea kwa kukohoa na kupiga chafya. Mgonjwa hupata homa kidogo, vipele, na tezi huvimba nyuma ya masikio. Baada ya siku chache hupona. Wengine hawaoni dalili yoyote. Ndiyo maana watu huudharau.

Lakini mama akiupata mwanzoni mwa mimba, virusi huweza kumfikia mtoto. Mimba huweza kutoka. Au mtoto huzaliwa kiziwi, ana mtoto wa jicho, au moyo wake ni mbovu. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Aligundua kuwa mama zao waliugua rubela wakiwa waja wazito. Basi si laana, si uchawi, wala si kosa la mama.

Uziwi una sababu nyingi. Huu wa rubela una kinga. Tanzania ilianza kuchanja surua na rubela pamoja mwaka 2014. Mtoto huchanjwa akiwa na miezi 9, na tena akiwa na miezi 18. Usiiache ile ya pili.

Baba atauliza: "Mwanangu ni mvulana, hatabeba mimba. Chanjo ya nini?" Sikiliza. Mvulana huyo akiugua, huleta virusi nyumbani. Mama yake au jirani huenda ana mimba changa. Mama mja mzito hachanjwi chanjo hii. Kinga yake ni watoto wanaomzunguka. Ukimchanja mwanao, unamkinga mtoto wa jirani ambaye hajazaliwa.

Mama mwenye mimba, usikae karibu na mtoto mwenye vipele. Ukitokwa na vipele, nenda zahanati upesi.

Mpime mtoto wako nyumbani. Je, hushtuka mlango ukijipiga kwa kishindo? Akiwa na miezi 6, hugeuka akisikia sauti yako? Kama sivyo, mpeleke zahanati, au hospitali ya Makandana, Tukuyu. Usingoje miaka mitatu ukisema atasema tu.

Naye aliye kiziwi asifichwe ndani. Ana akili kama wenzake. Hujifunza kwa lugha ya alama. Shule ya viziwi ya Tabora ilianza mwaka 1963. Mpeleke shule.

Leo, toa kadi ya mtoto. Soma mwenyewe. Je, chanjo ya miezi 18 imeandikwa?