Kijana anapotengeneza kelele kwa makusudi

Mzazi wa kando ya Ziwa Jipe akisikia muziki unaokwaruza kutoka chumbani kwa kijana wake, wazo la kwanza ni kwamba spika imekufa. Mara nyingi spika ni nzima. Kijana ameuharibu muziki kwa makusudi, na huenda amekesha akisaka mkwaruzo ambao hakuna prodyuza mwingine anao.

Si utundu wa bure. Kule Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilifunga likembe vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari. Mkwaruzo uliotokea ukawa ndiyo ladha yao, na albamu yao ya 2004, Congotronics, ikawatangaza hadi Ulaya. Hapa kwetu singeli ya Sisso Studios, Dar es Salaam, ilitolewa na lebo ya Kampala mwaka 2017, kasi na makelele yake yakiwa vilevile.

Ndani ya kompyuta sauti ni namba tu. Muziki wa CD hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huangukia kwenye mojawapo ya ngazi 65,536. Punguza ngazi hizo zibaki 16, na sauti laini inatoka na chenga. Wengine hukata vilele vya mawimbi, wengine huvikunja virudi chini. Mbunifu hasa huandika kanuni yake: labda namba ikivuka kiwango fulani, ibadilishane nafasi na iliyoitangulia. Hiyo ni hisabati, ingawa jirani hatakubali.

Shida iko masikioni. Wimbi lililokatwa kilele na kupandishwa tena hadi kimo kilekile hubeba nguvu zaidi kuliko lile laini. Na anayebuni hurudia kipande cha sekunde chache mara mia, hedifoni zimembana, akiongeza sauti kila masikio yanapozoea.

WHO inashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwa mtoto ni desibeli 75. Zikifika 90, muda unashuka hadi saa nne kwa wiki. Zikifika 100, ni dakika 20 tu. Chembe za sikio la ndani zenye vinyweleo vinavyopokea sauti zikifa, hazioti tena.

Kumnyang'anya kompyuta hakusaidii. Atahamia kwa rafiki. Afadhali atumie spika kwa sauti ya chini, apumzishe masikio kila baada ya muda, na asilinganishe mikwaruzo miwili kabla ya kuisawazisha sauti, maana yenye sauti kubwa kila mara huonekana bora. Maprodyuza wazoefu hufanya hivyo.

Akianza kuuliza "umesemaje?" mara kwa mara, au masikio yakivuma hadi kesho yake, apelekwe kliniki ya masikio, pua na koo. Wenye rufaa kutoka Mwanga na Same huipata KCMC, Moshi.