Adui Chini ya Maji

Mvuvi wa Pemba ajua kuwa mkondo kati ya kisiwa chake na bara una kina kirefu, na jicho halifiki chini. Ndiyo maana hadithi za nyambizi, yaani manowari ziendazo chini ya maji, humshika msomaji: adui yupo, wala haonekani.

Lakini zilizo bora hutupima dhamiri. Katika The Cruel Sea, kitabu cha Mwingereza Nicholas Monsarrat cha mwaka 1951, nahodha adhani nyambizi imejificha chini ya mabaharia wanaoelea wakingoja kuokolewa. Atupa mabomu, nao wafa.

Hayo yalitukia kweli. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, na manowari ya Waingereza, Petard, ikatupa mabomu papo hapo.

Wazazi, mtoto akisoma hadithi hizo msimnyang'anye. Mwulizeni: "Wewe ungefanyaje?" Kisha waombeeni pamoja marehemu wale, ambao kaburi lao ni bahari yetu hii.