Muvi Nzima Inaeneaje Kwenye Memori?

Jumamosi mchana, nguo zikishaanikwa na ugali wa maharage ukishaliwa, mwanachuo wa Bariadi hushuka mjini na memori kadi yake ya GB 8. Kwenye duka la muvi kijana wa kompyuta anamuuliza, "Nikuwekee zipi?" Anarudi hosteli na filamu kumi, sizoni moja ya Kikorea, na humo humo zimo nondo za mtihani wa Jumatatu.

Mmoja wa wanachuo wangu alinifuata baada ya kipindi. "Mwalimu, hii kadi ni ndogo kuliko ukucha wangu. Muvi kumi zinakaa wapi?" Nilifurahi sana kuulizwa, maana hili ni somo langu. Nikamwambia ukweli: muvi nzima haimo humo.

Tukapiga hesabu. Picha ya kiwango cha 720 ina nukta 1,280 kwa upana na 720 kwa kimo, jumla 921,600. Kila nukta ikiandikwa rangi zake kikamilifu hula baiti 3, kwa hiyo picha moja ni karibu MB 2.8. Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Dakika moja tu ingekula karibu GB 4, na memori yake ingejaa ndani ya dakika mbili, pengine majina ya waigizaji hayajamaliza kupita. Filamu ya dakika 90 ingetaka zaidi ya GB 350. Aliyonayo yeye ni ya MB 400.

Kinachoanza kupunguzwa ni rangi. Jicho la binadamu ni hodari wa kutofautisha mwanga na kivuli, lakini kwa rangi ni zembe. Basi mwanga huhifadhiwa kwa kila nukta, na rangi mara moja tu kwa kila nukta nne. Hapo mzigo umeshuka nusu nzima, na mtazamaji hajagundua kitu.

Kazi kubwa iko kwenye mwendo. Simama kando ya barabara ya Lamadi utazame ng'ombe mmoja akikatiza mbuga. Mbuga haijasogea, mti haujasogea, anga ni lile lile. Programu ya kubana video hufanya kama mchungaji anayetoa taarifa jioni: hasimulii malisho yote upya, anasema kilichobadilika. Picha moja huhifadhiwa nzima, na darasani tunaiita picha mama. Zinazofuata huandika tofauti tu: kipande hiki chenye pembe kimesogea nukta tano kushoto, mengine yabaki yalivyo. Ndiyo maana faili likiharibika kidogo, uso wa mwigizaji huchuruzika juu ya tukio jingine kabisa, halafu ghafla kila kitu kinanyooka. Hapo picha mama nyingine imefika.

Sasa subiri Agosti, kundi zima lipite na vumbi lake. Kila chembe inakwenda kivyake, picha hii haifanani na iliyotangulia, na programu iliyopewa nafasi finyu inakosa pa kubana. Inaanza kukata picha vigae vigae. Mvua, moto, umati na mapigano ya kung-fu huumia vivyo hivyo. Giza ndilo linaloonewa kuliko yote, kwa sababu programu hudhani hakuna anayelitazama. Mpiga picha amehangaika usiku kucha kuweka taa moja ili tuone hofu kwenye nusu ya uso, na kwenye simu ya mwanafunzi wangu ile hofu imekuwa vigae vyeusi. Inaniuma kila ninapoiona.

Bongo muvi nyingi husalimika. Watu wawili kwenye kochi, mazungumzo marefu, kamera imetulia: hapo kuna kidogo cha kuandika upya. Filamu za marehemu Steven Kanumba, mwigizaji na mtoto wa Shinyanga, bado zinatazamika hata zikibanwa sana.

Zile zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina shida yake. Enzi za Lufufu, mkongwe wa kutafsiri filamu, ilikuwa kanda za VHS, na kanda ikirudufiwa kutoka kanda nyingine ilizidi kufifia. Leo filamu iliyokwisha kubanwa huingizwa sauti ya DJ anayetafsiri na nembo yake, kisha hubanwa tena, na dukani pengine mara ya tatu. Kila mwanachuo amewahi kushika kopi ya kopi ya kopi ya hendauti, ile ambayo 3 na 8 hazitofautiani. Kilichotupwa mara ya kwanza hakirudi, hata faili likikuzwa vipi.

Kwa hiyo angalia unachochukua. Njia ya kubana iitwayo H.264 ilitoka mwaka 2003; H.265, ya 2013, hutunza ubora uleule kwa karibu nusu ya ukubwa, ila inaitesa simu ya zamani, inapata moto na picha inakatakata. Ukiona x265, dalili ya H.265, kwenye jina la faili na simu yako ni mpya, chukua hiyo. Vichekesho na sizoni za sebuleni hata MB 300 zinatosha. Filamu ya vita au ya usiku iombe kubwa.

Kijana wangu alirudi dukani wiki iliyofuata, akafuta muvi nne na kuomba moja ya GB 2, ileile ambayo alishaitazama. Jumatatu aliniambia kwamba nyuma ya mlango, kwenye giza, kumbe alikuwa amesimama mtu.